Lenzi za macho kando ya ziwa: mwongozo kwa wavaaji wa Baraka na Fizi

Mtu anayeishi Baraka na kuvaa lenzi machoni aanze na sharti moja lililo juu ya mengine yote: maji yasiguse lenzi. Yawe ya ziwa, ya Mto Mutambala, ya kisima au ya bomba, yawe yametiwa klorini kwenye bidoni, yamechemshwa nyumbani au yamenunuliwa dukani yakiwa kwenye chupa, yote hayafai. Lenzi huoshwa na kuhifadhiwa kwa dawa yake tu. Ukiweza kulishika sharti hilo kila siku, mengine yaliyomo humu ni mazoea ya kujifunza kwa wiki chache. Usipoweza, vaa miwani, wala usione kwamba umepungukiwa na kitu.

Konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho, haina mishipa ya damu. Hewa yake huipata kutoka nje, ikipitia kwenye machozi. Machozi hayo hayo huliosha jicho, na kope hulipangusa kila unapopepesa. Ukiweka lenzi, unaipunguzia konea hewa na unaupunguza uoshaji huo. Konea iliyo nzima huvumilia. Ila mchubuko mdogo, hata usiouhisi, unatosha kuwa mlango wa kidudu kilichonaswa chini ya lenzi, na hapo joto la mwili na unyevu hukipa mahali pazuri pa kuzaana.

Katika maji baridi na udongo wa dunia nzima huishi amiba aitwaye Acanthamoeba. Tunaoga naye, tunanawa naye uso, na jicho lisilo na lenzi halijali. Akinaswa chini ya lenzi hujishika kwenye konea na kuishambulia taratibu. Mgonjwa huumwa kupita kiasi, hawezi kutazama mwanga, na matibabu yake huchukua miezi mingi; wapo wanaopoteza uwezo wa kuona kwa jicho hilo. Katika miaka ya 1980 ugonjwa huu uliongezeka ghafla Marekani, na watafiti walipowauliza wagonjwa wanavyotunza lenzi zao, walikuta wengi wao walikuwa wakijitengenezea maji ya chumvi nyumbani kwa kuyeyusha vidonge vya chumvi. Maji hayo yalionekana safi kabisa. Kwa hiyo mtu akikushauri uchemshe maji, utie chumvi kidogo, kisha uloweke lenzi zako, jua kwamba ushauri huo umeshagharimu macho ya watu.

Hapa kwetu kuna swali ambalo ni haki kuliuliza. Kipindupindu kinapoingia kwenye mwambao wa Fizi na Uvira, watu husimama kando ya ziwa wakitia klorini katika kila bidoni linalochotwa. Maji hayo yakiwa salama kwa kunywa, kwa nini yasifae kwa lenzi? Kazi ile inaokoa maisha, na kila mtu anywe maji hayo bila kusita. Lakini Acanthamoeba akizidiwa hujifungia ndani ya gamba gumu, na klorini ya kiwango cha kunywa hailipenyi. Kuchemsha humwua kweli, lakini maji yaliyochemshwa huchafuka tena kwenye kata, kikombe au kifuniko. Na hata yangebaki safi, maji matupu hayana chumvi kama ya machozi: lenzi laini huyanyonya, huvimba, hubadilika umbo, kisha hung'ang'ania jicho.

Je, lenzi zinakufaa?

Fanya hesabu kabla ya kutamani. Anayevaa lenzi za siku moja kila siku anahitaji lenzi 60 kwa mwezi. Anayevaa za mwezi mzima anahitaji jozi moja, lakini pia chupa ya dawa isiyokatika, na kikasha cha kubadilisha. Vitu hivyo kwa kawaida vitakufikia kutoka Bujumbura, Bukavu au Kigoma, au kwenye mzigo wa ndugu aliye mbali. Barabara ya Uvira hadi Baraka huharibika mvua ikizidi, ziwa likichafuka mitumbwi husimama, na usalama ukivunjika njia zote hufungwa kwa siku moja. Jiulize utafanya nini dawa ikikwisha na mzigo haujafika. Jibu sahihi ni moja tu: utavua lenzi na kuvaa miwani. Ndiyo maana miwani yenye kipimo chako cha sasa hununuliwa kwanza, na lenzi baadaye. Mtu aliye na lenzi bila miwani atazivaa hata siku ambayo jicho linamkataza, kwa sababu asipozivaa haoni.

Kwa maoni yangu, mkazi wa Baraka, Mboko, Lweba au Fizi penyewe anayetaka lenzi kwa harusi, kwa siku ya kwaya, kwa mechi ya mpira au kwa safari, achague lenzi za siku moja, azivae siku hizo tu, kisha azitupe jioni. Hazihitaji kikasha wala dawa ya kulowekea, na hazina jana. Bei yake kwa jozi ni kubwa, lakini kwa mtu anayevaa siku chache kwa mwezi haziwi ghali kuliko chupa za dawa, na sehemu kubwa ya hatari inaondoka. Za mwezi mzima ziwe za mtu mwenye mahali pasafi pa kuzitunzia na njia ya uhakika ya kupata dawa.

Kuna wasiopaswa kuzivaa kazini, nami sizungushi maneno. Mvuvi, kwa sababu ziwa linamrukia usoni usiku kucha. Mchimba dhahabu wa Misisi, kwa ajili ya vumbi na matope, na kwa ajili ya mvuke wa zebaki mahali inapochomwa. Mama anayekausha samaki kwa moshi. Fundi wa kuchomelea vyuma. Dereva wa pikipiki asiye na miwani ya kukinga upepo. Vilevile mtu ambaye macho yake ni makavu, yanawasha kila msimu au yanatoka chokea mara kwa mara, atibiwe kwanza. Mtoto avae pale tu daktari alipoagiza na mzazi akasimamia kila siku.

Upande mwingine wapo ambao kwao lenzi ni tiba. Konea ikichongoka kama pia, au ikibaki na mabonde baada ya jeraha, miwani haiwezi kunyoosha picha, lakini lenzi ngumu inaweza. Mtu huyo akiambiwa na jamaa kwamba anajipamba, jamaa wanakosea. Wamsaidie kupata dawa yake.

Vipimo navyo vina lake la kusema. Cheti cha miwani hakitoshi kununulia lenzi. Miwani hukaa mbele ya jicho na lenzi hukaa juu yake, kwa hiyo kuanzia diopta 4 hivi nguvu inayohitajika huanza kutofautiana. Isitoshe, jicho lina mviringo wake na upana wake. Tazama ubavuni mwa kiboksi: PWR ni nguvu, BC ni mviringo, DIA ni upana, na EXP ni mwezi wa mwisho wa kutumia. Lenzi iliyobana huinyima konea hewa, na iliyolegea hutembea na kuchubua. Anayejua kama imekaa vizuri ni daktari wa macho au mtaalamu wa macho anayeitazama kwa darubini ikiwa jichoni mwako. Ukipata safari ya Bukavu, Bujumbura au Kigoma kwa shughuli nyingine, tenga siku moja ya kupimwa, na uombe vipimo hivyo vyote viandikwe kwenye karatasi utakayobaki nayo. Rudi kupimwa kila mwaka, au kila unapopata nafasi ya safari.

Mikono, kisha jicho

Kabla hujagusa lenzi, fikiri mikono imegusa nini tangu asubuhi. Pilipili haitoki kwa kunawa mara moja, na anayeiponda mchana huijua tena jioni anapovua lenzi. Mafuta ya mawese, harufu na chumvi ya ndagala, petroli ya pikipiki, losheni ya mwili: vyote huhamia kwenye lenzi na kubaki humo. Nawa kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato mengi, mara mbili ikibidi, ukisugua ncha za vidole na chini ya kucha. Mtu akumiminie maji ili usitumbukize mikono kwenye beseni. Halafu ikaushe kabisa, kwa sababu tone moja la maji lililobaki kidoleni ni maji yale yale tuliyokataza. Tenga kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi kwa kazi hiyo peke yake, kifuliwe na kuanikwa juani. Kucha ziwe fupi. Lenzi laini ni nyembamba sana, na ukucha huichana bila wewe kujua.

Keti mezani penye mwanga, utandike kitambaa cheupe, ili lenzi ikidondoka uione. Anza na jicho la kulia kila siku, usije ukabadilisha lenzi za kulia na kushoto. Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada na uitazame kwa ubavu: kingo zikisimama kama za bakuli, iko sawa, zikijitandaza kwenda nje, imegeuka ndani nje. Kuivaa ikiwa imegeuka hakukupofushi, ila itakuwashawasha na kuhamahama. Ikague dhidi ya mwanga. Ikiwa imechanika hata kidogo, itupe, ingawa ni mpya na ingawa umeilipia.

Kidole cha kati cha mkono huo huo kishushe kope ya chini, mkono wa pili uinue kope ya juu kutoka kwenye mzizi wa nywele zake. Tazama mbele, ikalishe lenzi kwenye jicho, achia kope polepole, tazama chini, funga jicho kwa muda mfupi. Mara ya kwanza huchosha na wengi hukata tamaa. Endelea bila haraka, siku moja kabla ya siku unayoihitaji. Lenzi ikichoma au kukwaruza, ivue, ioshe kwa dawa, ujaribu tena. Ikichoma mara ya pili, hiyo si lenzi ya kuvaliwa leo.

Kuvua ni rahisi zaidi. Nawa, kausha mikono, tazama juu, iteleze lenzi hadi kwenye weupe wa jicho kwa kidole cha shahada, kisha ibane taratibu kwa kidole hicho na gumba. Ikiwa imekauka na kung'ang'ania, tia matone ya kulainishia yaliyoandikwa kwamba yanafaa kwa lenzi, subiri dakika chache, pepesa, halafu jaribu. Usiing'oe kwa nguvu. Na kama umeipoteza machoni usiogope: haiwezi kwenda nyuma ya jicho, maana utando wa ndani ya kope umejikunja na kufunga njia. Itakuwa imejificha chini ya kope ya juu. Wanaojipodoa wavae lenzi kabla ya wanja na poda, na wazivue kabla ya kusafisha uso.

Dawa na kikasha

Lenzi laini zilipatikana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1961 mkemia Otto Wichterle wa Prague alizitengeneza nyumbani kwake, kwa mashine aliyoiunga kwa vipande vya mchezo wa watoto wa kujengea. Plastiki yake hubeba maji ndani yake, na ndiyo maana lenzi hizi hazikwaruzi kama zile za vioo za karne ya 19. Lakini plastiki inayobeba maji hubeba pia mafuta ya ngozi, protini za machozi na vijidudu. Kwa hiyo kila lenzi itakayovaliwa tena lazima isafishwe kila inapotoka jichoni.

Iweke kiganjani, dondoshea dawa, isugue kwa ncha ya kidole sekunde 20 kila upande, kisha ioshe kwa dawa nyingine. Chupa zingine zimeandikwa kwamba si lazima kusugua. Sugua tu. Kisha iweke katika kikasha chenye dawa mpya iliyoifunika yote, na iache humo kwa saa zilizoandikwa kwenye chupa. Asubuhi, ukishavaa, mwaga dawa yote iliyobaki.

Hapo kwenye kumwaga ndipo watu wenye dawa adimu hukwama. Dawa ni ya bei, imetoka mbali, na jicho linaona ni safi. Basi mtu anaongeza kidogo juu ya ile ya jana. Nakuomba usifanye hivyo. Dawa iliyotumika usiku mmoja imeshatumia nguvu yake, na ile mpya inayoongezwa juu yake huanza kazi ikiwa dhaifu. Mwaka 2006 kampuni ya Bausch & Lomb iliondoa sokoni dunia nzima dawa yake ya ReNu with MoistureLoc baada ya wavaaji wa Singapore, Hong Kong na Marekani kupata ugonjwa wa konea uletwao na kuvu aina ya Fusarium. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba kutumia tena dawa ya jana kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari. Ikiwa dawa haitoshi kumwagwa kila siku, punguza siku za kuvaa. Siku tatu kwa wiki zenye dawa kamili ni bora kuliko saba za kubahatisha.

Kikasha nacho ni chombo cha kusafishwa. Kisugue kwa dawa, kifute kwa karatasi safi, kigeuze kifudifudi na vifuniko vyake, kikauke kwa hewa. Usikiweke karibu na choo wala mahali kuku na vumbi vinapopita. Kila miezi 3 kitupe, uchukue kipya. Andika kwa kalamu kwenye chupa tarehe uliyoifungua, kwa kuwa nyingi huisha nguvu baada ya miezi 3 hata kama dawa imebaki nusu. Fuata maandishi ya chupa yako. Usiihamishie katika kichupa kidogo cha safari, maana hapo usafi wake unaondoka. Mdomo wa chupa usiguse kidole. Nyumba za mabati hupata joto kali mchana, kwa hiyo chupa ikae chini, mahali penye ubaridi, mbali na dirisha la jua.

Ukipata dawa ya aina ya peroksidi, soma mara mbili. Husafisha sana, lakini lazima itumike na kikasha chake maalumu kinachoipoza kwa saa 6 au zaidi. Ikidondoshwa moja kwa moja jichoni huchoma vibaya.

Famasi zetu zina seramu ya chumvi ya asilimia 0.9, ile ya kutundikia wagonjwa, na mara nyingi ndiyo inayopendekezwa mtu akikosa dawa ya lenzi. Ikiwa imefunguliwa sasa hivi, inaweza kusuuza lenzi iliyokwisha kusafishwa kwa dawa. Haiui vijidudu, kwa hiyo usiloweke lenzi humo usiku. Na iliyofunguliwa leo si ya kutumia kesho. Seramu ya glukosi ni sukari, usiilete karibu na jicho. Maji ya kuchanganyia sindano hayana chumvi, hayafai. Mate yana bakteria wengi, na bado kuna watu wanaoilamba lenzi iliyodondoka na kuirudisha jichoni.

Usiku

Vua kabla ya kulala. Utafiti uliofanyika kaskazini mashariki mwa Marekani na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kwamba kati ya wavaaji 10,000 wa lenzi laini za mchana, karibu 4 walipata kidonda cha konea kwa mwaka; kati ya wale waliovaa lenzi za kulala nazo, karibu 21. Kope zikifungwa, konea hupata hewa kidogo, na lenzi huipunguza tena. Hata usingizi wa mchana, usingizi wa ndani ya gari la kwenda Uvira, au usingizi wa kilioni unahesabika. Ukijua kwamba utakesha msibani, nenda na miwani.

Watu wa Fizi wanajua pia usiku wa kuhama ghafla. Kwa hiyo miwani, lenzi za akiba zisizofunguliwa na chupa ndogo ya dawa iliyotoka hivyo kiwandani vikae pamoja katika mfuko mmoja kando ya kitanda, pamoja na ile karatasi ya vipimo. Ukijikuta njiani na lenzi machoni, bila dawa wala sabuni, zivue kabla ya kulala na uzitupe. Kuona ukungu kwa siku kadhaa kunasumbua sana, najua, hasa kwa mtu anayetembea na watoto. Lakini lenzi iliyokaa siku tatu jichoni katika vumbi inaweza kukuachia ukungu wa maisha.

Ziwa, vumbi na moshi

Oga kwanza, vaa lenzi baadaye. Usiogelee nazo, si Baraka wala upande wa rasi ya Ubwari, hata maji yakiwa maangavu kiasi cha kuona mawe chini. Wimbi likikurukia usoni ndani ya mtumbwi, zivue mara upatapo mikono safi: za siku moja zitupwe, za mwezi zisuguliwe na kulowekwa usiku mzima kabla ya kurudi jichoni. Mvua ya kupita si sababu ya hofu, lakini usifikiche macho.

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la barabara huingia kila mahali. Juu ya pikipiki vaa miwani ya jua iliyofunika pembeni, ukiwa abiria au dereva. Mchanga ukiingia chini ya lenzi, usipepese kwa nguvu wala kusugua. Simama, nawa, ivue, uisafishe kwa dawa. Jikoni penye kuni au makaa mabichi, miwani inafaa zaidi.

Lenzi za rangi

Lenzi za kijani, za buluu au za asali huuzwa sehemu nyingi pamoja na nywele na vipodozi, na mabibi harusi huzipenda. Nazo ni lenzi kamili, zenye hatari zote za lenzi, hata zisipokuwa na nguvu ya kusahihisha macho. Marekani tangu mwaka 2005 sheria inazitambua zote kuwa vifaa vya tiba, zisizouzwa bila cheti cha mtaalamu. Muuzaji asiyekuuliza kipimo cha mviringo wa jicho lako hajui kama atakuuzia inayobana. Kiboksi kisicho na tarehe ya mwisho, kichupa kilichofunguliwa, au lenzi isiyo na maandishi yoyote, viache hapo hapo. Na tafadhali, dada zangu, msiazimane. Lenzi iliyovaliwa na bibi harusi asubuhi na msimamizi wake jioni hupeleka vijidudu vya jicho moja kwenye jicho lingine. Kama ni lazima rangi, ziwe mpya za siku moja, zilizopimwa, za mtu mmoja, zikatupwe sherehe ikiisha.

Jicho likiwa jekundu

Ugonjwa wa macho mekundu, ambao Kongo wengi huuita apolo, unajulikana na kila mtu. Mwanzoni mwa 2024 ulienea pia Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania. Kwa kawaida huisha wenyewe. Kwa sababu hiyo mvaaji wa lenzi akiwa na jicho jekundu huambiwa avumilie, ni apolo. Usikubali jibu hilo bila kuchunguzwa. Bakteria aitwaye Pseudomonas, anayependa maji na vikasha vichafu, anaweza kuitoboa konea katika siku mbili au tatu.

Vua lenzi zote mbili mara uonapo wekundu, maumivu, machozi yasiyokoma, mwanga unaochoma, ukungu usiofutika kwa kupepesa, au doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho. Usizitupe safari hii: ziweke katika kikasha chake, zisafiri nawe, maana maabara inaweza kuzitumia kutafuta kidudu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, iwe Baraka, Nundu au Fizi, na neno lako la kwanza kwa muuguzi liwe kwamba unavaa lenzi. Asipolijua hilo, atakutibu kama wengine wote.

Usinunue matone kwa kukisia. Yenye deksamethazoni au prednizoloni hupunguza wekundu na kumpa mgonjwa faraja ya siku moja, huku yakimwachia kuvu na amiba nafasi ya kula konea. Mafuta ya tetrasaiklini tuliyoyazoea, na matone ya kloramfenikoli, hayamwezi Pseudomonas. Muulize daktari kuhusu matone ya siprofloksasini au ofloksasini, ambayo kwa kidonda cha namna hii hutiwa kila saa mwanzoni, usiku na mchana, wakati safari ya kwenda kwa daktari wa macho inaandaliwa. Usifunge jicho kwa bandeji. Maji ya majani, maziwa ya mama na mkojo visitiwe, hata anayevileta akiwa bibi yako mwenyewe. Mkatalie kwa heshima. Omba barua ya rufaa na uende mahali njia ilipo wazi, Bukavu, Bujumbura au ng'ambo ya ziwa Kigoma. Lenzi zisirudi jichoni mpaka daktari aseme.

Kidonda cha konea kinachoanza kutibiwa mapema mara nyingi hupona na kuacha kovu dogo. Kikichelewa, kovu likikaa katikati ya jicho, hakuna matone yatakayoliondoa. Dawa yake ni kupandikizwa konea ya mtu mwingine.